Kadi za mahafali za kutengeneza nyumbani, Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanahusu kadi za karatasi: za mwaliko wa sherehe ya kumpongeza mhitimu, za taarifa, na kidogo za mchango. Hesabu zote ni za kadi 50. Mwenye wageni 120 atazidisha mwenyewe.

Kadi 50 zinakula karatasi ngapi?

Inategemea mkato. Karatasi ya A4 ni milimita 210 kwa 297. Ukiikata vipande vinne unapata kadi bapa za A6, yaani 105 kwa 148. Kadi 50 zitachukua karatasi 13, nunua 15. Ukiikata vipande viwili kisha ukakunja kila kimoja, unapata kadi ya kufunguka yenye ukubwa uleule, na hapo 50 zinataka karatasi 25, nunua 28. Ukiikata vipande vitatu virefu vya 99 kwa 210, vinaingia kwenye bahasha ndefu za barua; karatasi 17 zinatosha, nunua 19. Zile za ziada si anasa, kwa sababu karatasi mbili za kwanza huharibikia kwenye printa karibu kila mara.

Gharama kubwa haiko kwenye karatasi. Steshenari wanahesabu kurasa zilizoprintiwa, hawahesabu kadi. Chukulia duka lako linatoza shilingi 1,000 kwa ukurasa mmoja wa rangi. Kadi bapa za upande mmoja, nne kwa ukurasa, ni kurasa 13: shilingi 13,000, yaani 260 kwa kadi. Kadi za kufunguka zenye rangi nje na ndani ni karatasi 25 mara pande mbili: shilingi 50,000, yaani 1,000 kwa kadi. Maneno ni yaleyale na mgeni ni yuleyule. Weka bei ya duka lako halisi, uwiano hautabadilika.

Ukitaka kadi ya kufunguka bila gharama hiyo, printi rangi upande wa nje tu. Maneno ya ndani yaprinti kwa wino mweusi kwenye karatasi ya kawaida, nne kwa ukurasa, kisha bandika kipande hicho kwa mstari mwembamba wa gundi kwenye ukingo mmoja. Kinapendeza kuliko watu wanavyotarajia.

Ninunue karatasi ya aina gani?

Uliza kwa gramu (uzito wa mita moja ya mraba ya karatasi), usiulize "nzito" au "nyepesi". Ya kawaida ya ofisini ni gramu 80, nayo inajikunja mkononi. Kwa kadi ya kufunguka chukua gramu 200. Kwa kadi bapa, 250. Ya gramu 300 inasimama vizuri, lakini printa nyingi ndogo huikataa au huikwaruza.

Karatasi ya picha inayong'aa inavutia dukani na kusumbua nyumbani. Kalamu ya kawaida haishiki juu yake, alama za vidole zinabaki, na ukiikunja ganda lake linapasuka. Tena ile iliyotengenezwa kwa printa ya wino isiingizwe kamwe kwenye printa ya leza: ganda lake linaweza kuyeyuka na kunata kwenye rola ya joto, na hapo utalipia mashine ya mtu.

Manila ya rangi ina mtego wake. Printa haina wino mweupe, kwa hiyo rangi ya karatasi inachanganyika na rangi ya maandishi. Njano juu ya manila ya bluu itatoka kijani. Kwenye karatasi ya rangi, andika kwa mweusi.

Printa ya wino au ya leza?

Ya wino inatoa rangi laini zaidi, ila maji yanaiharibu. Ya leza haiogopi maji, ila wino wake wa unga hubanduka kwenye mkunjo. Kama kadi inakunjwa na duka lina leza tu, acha milimita 5 za mstari wa mkunjo zikiwa nyeupe, bila rangi wala maandishi.

Nimesanifu kadi kwenye simu, lakini ikiprintiwa inatoka na ukungu. Kwa nini?

Sababu ya kwanza ni WhatsApp. Ukituma kama picha, inabanwa na kupoteza ubora. Itume kama hati, tena katika PDF. Sababu ya pili ni ukubwa wa mwanzo: kadi ya A6 inayochapika vizuri inahitaji angalau pikseli 1240 kwa 1748. Ukisanifu kwa ukubwa wa picha ya hali (status) ya WhatsApp na kuikuza baadaye, ukungu unaweza kujitokeza.

PDF inakukinga na balaa jingine. Faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na mwandiko uliochagua, kompyuta inaweka mwandiko mwingine na mistari yote inahama. Jina la bibi arusi wa siku, maana mhitimu siku hiyo ndiye bibi arusi, linaweza kuangukia ukurasa wa pili.

Panga kadi nne kwenye ukurasa mmoja wa A4 mwenyewe kabla hujaenda dukani. Maandishi yakae angalau milimita 8 kutoka kila ukingo wa kadi, kwa sababu printa nyingi haziwezi kuchapa hadi mwisho wa karatasi na mkasi nao haukosi kuyumba. Mwambie anayeprinti asiruhusu mashine kupunguza ukubwa ili ukurasa utoshe. Achape kwa asilimia 100. Isipofanyika hivyo, kadi zote nne zinakuwa ndogo kidogo na mistari yako ya kukatia haikutani na maandishi.

Mandhari nyeusi au ya bluu iliyojaa kadi nzima tunashauri uiache. Inakunywa wino, inalowesha karatasi hadi ikajikunja, na maduka mengine yanaongeza bei. Rangi ya dhahabu nayo haiprintiki: ile inayomeremeta kwenye skrini itatoka kama haradali. Dhahabu itie kwa kalamu ya dhahabu au kwa utepe.

Maneno ya kadi yakaeje?

Muundo huu umezoeleka na hauna mbwembwe:

Familia ya Bw. na Bi. …………… wa Nkuhungu, Dodoma,
inayo furaha kukualika / kuwaalika
Mzee / Mama / Bw. / Bi. / Dkt. / Mch. / Sheikh ……………
kwenye sherehe ya kumpongeza binti yao mpendwa
……………
kwa kuhitimu Shahada ya Kwanza ya Elimu,
itakayofanyika Jumamosi, tarehe 5 Desemba 2026,
katika ukumbi wa ……………, Nkuhungu,
kuanzia saa 8:00 mchana hadi saa 12:00 jioni.
Tafadhali thibitisha kabla ya tarehe 25 Novemba kwa namba ……………

Kama mzazi mmoja ametangulia mbele ya haki, andika "Familia ya marehemu …" au taja aliye hai peke yake. Ulizeni wazee wa ukoo wanapendelea ipi kabla ya kuprinti. Aliyelelewa na babu na bibi aandikiwe "mjukuu wao", asilazimishwe kuwa "mtoto wao".

Saa ndiyo inayoharibu kadi nyingi. Violezo vya simu vinakuja na saa za Kizungu, na mtu anabadilisha maneno bila kubadilisha tarakimu. Kadi inasema "saa 2:00 mchana", saa ambayo haipo. Saa nane mchana iandikwe 8:00, na neno "mchana" lisiachwe. Kisha fungua kalenda uhakikishe kuwa tarehe na siku vinakubaliana.

Makosa ya tahajia yanayorudi mara nyingi: "mahafari" badala ya mahafali, "kukuarika" badala ya kukualika, "kuhuzuria" badala ya kuhudhuria, "inayofuraha" ikiwa imeunganishwa. Mpe mtu ambaye hakuandika kadi aisome kwa sauti. Aliyeiandika haoni kosa lake tena.

Nieleze vipi mahali, hasa kwa wageni wa nje ya Dodoma?

Jina la mtaa peke yake halitoshi. Chang'ombe ipo Dodoma na ipo Dar es Salaam. Ukiandika "Chamwino" tu, mmoja ataelewa mtaa wa mjini, mwingine ataelewa wilaya ilipo Ikulu, na kati ya hapo na hapo ni safari. Ukiandika "UDOM" (Chuo Kikuu cha Dodoma) bila kutaja ndaki au ukumbi, mgeni atazunguka: chuo kile kimetawanyika, na kutoka ndaki moja hadi nyingine si mwendo wa kutembea na viatu vya sherehe.

Andika mtaa, kata, alama inayojulikana (shule, kanisa, msikiti, kituo cha daladala) na daladala inayofika. Mfano: "shuka kituo cha shule, vuka barabara, geti la kijani". Kwenye kadi ya kidijitali weka kiungo cha ramani. Kwenye ya karatasi kiungo kirefu hakina kazi, hakuna atakayekinakili.

Mahafali ya chuoni na sherehe ya nyumbani ziwe kadi moja?

Hapana, au walau zitenganishwe waziwazi. Mahafali ni ya chuo: chuo ndicho kinachoamua nani anaingia, lini na wangapi. Wewe unaalika kwenye hafla yako tu. Mgeni akisoma "mahafali" na kuona jina la chuo juu, atakwenda getini na kadi yako na kurudishwa. Kwa sababu hiyohiyo usiweke nembo ya chuo kwenye kadi ya familia. Michoro ya kofia, joho au cheti kilichoviringishwa inatosha kuonyesha shughuli ni ya nini.

Vyuo vikuu vingi hufanya mahafali kati ya Oktoba na Desemba. Kama siku ya chuo haijathibitishwa, usiprinti.

Kidato cha nne, darasa la saba na chekechea je?

Mahafali ya kidato cha nne hufanyika kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba. Kwa hiyo usiandike "kwa kufaulu". Matokeo hayajatoka, hata mtihani haujafanyika. Andika "kwa kumaliza elimu ya sekondari". Darasa la saba vivyo hivyo. Kwa chekechea, kadi bapa ya A6 yenye picha ya mtoto akiwa na joho inatosha, na wala usihangaike na utepe.

Nataka kutoa taarifa tu, simwaliki mtu. Inawezekana?

Inawezekana, ila jihadhari. Kwetu kadi ikifika mlangoni mtu anadhani anaombwa mchango. Kadi ya taarifa ijieleze kwenye mstari wa kwanza: "Tunapenda kukufahamisha kwa furaha kuwa…". Isiwe na ukumbi, saa wala namba ya kupokelea pesa, na iishie na shukrani kwa mchango wa mlengwa katika safari ya mhitimu, kama mwalimu wake wa zamani au jirani aliyempokea alipokuwa mgeni mjini. Kadi za namna hii zinafaa kwa watu wa mbali ambao hutarajii waje.

Kadi ya mchango itoke pamoja na ya mwaliko?

Ya mchango inatangulia, kwa kawaida wiki sita hadi nane kabla. Weka namba moja ya kupokelea na jina litakalotokea kwenye simu ya mtumaji. Kabla ya kuprinti, tuma shilingi kidogo kwa namba hiyo ukitumia simu nyingine, ukiisoma moja kwa moja kutoka kwenye kadi yenyewe. Tarakimu moja ikikosewa, pesa za kamati zinakwenda kwa mtu baki.

Mkunjo wangu unapasuka na kutoa nyuzi. Tatizo ni nini?

Matatizo mawili. Kwanza, mkondo wa nyuzi. Karatasi ina nyuzi zinazolala upande mmoja, na mkunjo unaofuata mkondo unakuwa laini, unaoukata unapasuka. Pinda karatasi taratibu bila kuikunja, kwanza upande huu, kisha ule. Pale inapopinda kwa urahisi, mstari wa pindo ndio unaofuata mkondo. Kwenye A4 nyingi mkondo unafuata ule urefu wa 297. Ndiyo maana kuikata A4 katikati kwa upana, upate vipande viwili vya 148 kwa 210 na kuvikunja, kunatoa mkunjo safi, lakini kuikata kwa urefu na kukunja kipande cha 105 kwa 297 kunapasuka.

Pili, hukuchora mfuo. Chukua kalamu iliyoisha wino kabisa, weka rula ya chuma, pitisha kwa nguvu ya wastani mara mbili juu ya mstari wa mkunjo, ukiwa umetandika gazeti chini. Mfuo uchorwe upande wa nje wa kadi, kisha kunja kuelekea ndani, ili kile kituta kilichojitokeza upande wa pili kibaki ndani. Malizia kwa kusugua mkunjo na mgongo wa kijiko, ukiwa umeweka karatasi safi juu ili usiache mng'ao.

Nikate kwa mkasi?

Mkasi unaacha mawimbi. Tumia kisu cha wembe na rula ya chuma, juu ya boksi gumu. Kata karatasi moja au mbili kwa wakati, pitisha mara tatu kwa nguvu ndogo badala ya mara moja kwa nguvu kubwa, na vunja ncha ya wembe ikianza kuchana. Ukimlipa mtu wa steshenari akukatie kwa mashine, mwambie asipange karatasi nyingi za gramu 250 kwa pamoja. Za chini zinateleza na zinatoka zimepinda.

Urembo gani ni wa bei ndogo na unaonekana?

Kitenge. Nenda kwa fundi cherehani uombe mabaki, wengi wanayatupa. Kipande cha sentimita 3 kwa 10.5 kinatosha kupita upande mmoja wa kadi ya A6. Usikikate kwanza. Piga pasi kitambaa, kibandike kizima kwenye karatasi nyembamba kwa gundi nyeupe iliyopakwa kidogo kwa brashi, kiache kikauke chini ya vitabu, ndipo ukate vipande. Ukikata kabla, kingo zinachambuka na nyuzi zinaning'inia kadi nzima.

Utepe: fundo la kawaida kuzunguka kadi ya A6 linakula sentimita 30 hivi, la kipepeo 50. Kwa kadi 50 ni mita 15 dhidi ya 25, na sisi tungechagua fundo. Ncha za utepe wa satini zipitishe haraka pembeni mwa mwali wa mshumaa ili zisichambuke.

Kofia ya mahafali: mraba wa manila nyeusi wa sentimita 4, ubandikwe kwa pembe ili ukae kama almasi, na chini yake kipande kidogo cha nusu duara. Kishada kinatengenezwa hivi: zungusha uzi wa kudarizi mara kumi kwenye kadi yenye upana wa sentimita 4, funga juu, kata chini, kisha funga tena milimita 5 kutoka juu. Kila kofia inachukua dakika tano au sita ukishazoea, yaani karibu saa tano kwa kadi 50. Gawaneni kazi, au weka kofia kwenye kadi za meza kuu tu.

Gundi inafanya kadi ijikunje. Nifanyeje?

Gundi nyeupe ina maji. Karatasi inavimba upande mmoja na kuvutika. Kwa karatasi juu ya karatasi tumia gundi ya stiki au selotepu ya pande mbili. Gundi nyeupe ibaki kwa kitambaa.

Hewa ya Dodoma nayo ina neno lake. Miezi ya kiangazi ni mikavu na yenye upepo: gundi inakauka kabla hujabandika, kwa hiyo paka kadi moja moja. Vumbi linanata kwenye kila kilicho kibichi, kwa hiyo fanya kazi ndani, madirisha yakiwa yamefungwa, na futa meza kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kuanza. Karatasi kavu zinashikana kwa umeme tuli na printa inavuta mbili kwa mpigo. Zichanue kwa kidole gumba kabla ya kuzipanga kwenye trei. Zilizobaki zihifadhi kwenye mfuko wa plastiki, zikilazwa, zisisimamishwe. Mvua zikianza, kawaida kuelekea Desemba, tatizo linageuka: kadi za printa ya wino zisambazwe ndani ya plastiki.

Bahasha naweza kutengeneza?

Ndiyo, moja kwa kila A4, kwa kadi ya A6. Simamisha karatasi, upana uwe 210. Kutoka chini pima milimita 105 uchore mstari, pima 110 zaidi uchore mwingine, kisha 55 za mfuniko. 27 zinazobaki juu kata utupe. Pembeni, acha milimita 28 kila upande, ili katikati pabaki 154. Zile 28 zikate kwenye sehemu ya chini na kwenye mfuniko, zibaki kwenye sehemu ya katikati tu. Hizo ndizo mbawa za kupaka gundi. Kunja mbawa ndani, pandisha sehemu ya chini, bandika. Karatasi ya kaki inapendeza kuliko nyeupe na haionyeshi vumbi.

Unene unasahaulika. Kama kadi ina fundo au kofia, ongeza milimita 4 kila upande wa ile 154, la sivyo bahasha itapasuka kwenye kona.

Majina ya wageni yaandikweje?

Kwa mkono, kwa kalamu ya wino mweusi, na kwa jina analoitwa. Jirani anayejulikana kama Mama Neema aandikiwe Mama Neema. Jina lake la kwenye kitambulisho litamfanya aliyetumwa kuipeleka apite nyumba tatu akiuliza. Viongozi wa dini na serikali ya mtaa waandikiwe cheo. Kadi ya mzee inapelekwa na mtu mzima, haitumwi na mtoto aliye njiani kwenda dukani.

Kadi za singo na dabo nizitofautishe vipi?

Usiprinti aina mbili. Acha nafasi kwenye kona na uandike kwa mkono "Mtu 1" au "Watu 2", pamoja na namba ya kadi, 001 hadi 050. Orodhesha kwenye daftari namba, jina na idadi. Mlangoni anayekagua anatazama daftari, na kadi iliyotolewa fotokopi itajulikana kwa namba inayojirudia. Daftari hilohilo ndilo litakalompa mpishi hesabu ya sahani.

Zitoke lini, na za mikoani zinafikaje?

Za mjini wiki tatu kabla. Za wageni wa Dar es Salaam, Singida au Iringa wiki nne hadi tano, maana wanahitaji kupanga likizo na tiketi za treni ya SGR au basi. Za kusafiri kwa basi zifunge kati ya vipande viwili vya boksi gumu, andika jina na namba ya mpokeaji na ya mtumaji pande zote mbili. Wengine wote, hasa vijana, watumie kadi ya kidijitali. Karatasi iwafikie wazee, viongozi, wakwe na walimu.

Nimeshaprinti, na ukumbi umebadilika.

Usirudie. Printi vipande vidogo vya "Ukumbi mpya:" kwenye karatasi ya gramu 80 ya rangi ileile ya kadi. A4 moja inatoa vipande 50 vya sentimita 4 kwa 2.8, kumi kwenda chini na vitano kwa upana. Bandika kwa gundi ya stiki juu ya maneno ya zamani, ufunike kabisa. Kama kadi zilishatoka, piga simu kwa kila jina lililo kwenye daftari, ukianza na wanaosafiri.